Hamira inajuaje imefikia ukubwa wa kugawanyika? Jaribio la hadubini ya shule, maji ya viazi na hotpoti

"Kamwene, mwalimu. Leo unanunua wa kunywa au wa kuchungulia?"

Hivyo ndivyo anavyonipokea bibi mmoja wa Kilolo ninayechukua kwake ulanzi, pombe ya mwanzi, kila msimu wa mvua, tangu siku nilipomwonyesha kwenye hadubini kilichomo ndani ya mbeta yake, kile chombo cha kukingia ulanzi. Siku ile alichungulia kwa muda mrefu. Akaona vile vidude vyenye umbo la yai, vingine vimebeba vitoto ubavuni, vingine vitupu. Kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha sita hawakuwahi kuniuliza: "Sasa hivi visivyo na kitoto vinangoja nini?"

Vinangoja kukua. Seli ya hamira haitoi chipukizi mpaka ifikie ukubwa fulani, na ikizaliwa ndogo hungoja zaidi. Kigumu ni kueleza inajuaje kwamba imefika, maana haina macho wala rula. Majibu yapo, mengine yamethibitika na mengine bado yanabishaniwa, lakini kungoja kwenyewe unaweza kukuona kwa macho yako, Iringa hapa hapa, kwa vifaa ambavyo shule nyingi zenye maabara tayari zinavyo. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi na nimelikosea mara nyingi vilevile, kwa hiyo mahali pa kukosea nitapaonyesha.

Vya kuandaa

Hadubini yenye lenzi ya kukuza mara 40 (ile ya upande wa slaidi), slaidi na vioo vyake vyembamba vya kufunikia, rula ya plastiki inayoonyesha upande wa pili, simu yenye kamera, kipimajoto, bomba la sindano lisilo na sindano, pakiti ya hamira ya chenga, sukari, kiazi mviringo kimoja kikubwa, chupa mbili ndogo za kioo, na hotpoti. Ndiyo, hotpoti ile ile ya kuwekea wali. Mwombe mwenye nyumba mapema, usimshtukize.

Kama maabara yenu ina methilini bluu, rangi ya kutofautisha seli hai na zilizokufa, iweke karibu. Dawa ya zambarau ya dukani, ile tunayoiita GV, itakuonyesha umbo la seli lakini inaziua, kwa hiyo haifai kwa kazi hii.

Hatua ya 1: Ipime hadubini kwanza

Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanaandika "seli zilikuwa kubwa". Kubwa kiasi gani?

Weka rula juu ya meza ya hadubini, tumia lenzi ya 4, na hesabu duara la mwanga lina upana wa milimita ngapi. Tuseme umepata 4.5. Lenzi ya 40 inakuza mara kumi zaidi ya ile ya 4, kwa hiyo duara lake ni sehemu ya kumi: milimita 0.45, yaani maikromita 450. Kama hadubini yenu inaanzia lenzi ya 10, gawa kwa 4 badala ya 10.

Sasa shikilia simu juu ya lenzi ya jicho, piga picha duara zima kwa lenzi ya 40, hamishia picha kwenye kompyuta na hesabu duara lina pikseli ngapi kutoka ukingo hadi ukingo. Kama ni 3,000, basi kila pikseli ni maikromita 0.15, na seli yenye upana wa maikromita 5 itachukua pikseli 33 hivi. Usijidanganye kwamba unapima hadi pikseli moja. Mwanga wenyewe haukuruhusu: kwa lenzi za shule, vitu vilivyokaribiana chini ya nusu maikromita huonekana kama kitu kimoja.

Baada ya hapo usiguse tena ukuzaji wa kamera. Mwaka wa kwanza nilimwachia mwanafunzi mmoja simu yangu wakati naenda kufundisha kipindi kingine. Aliona seli ni ndogo, akavuta picha kidogo ili zionekane vizuri. Jioni tulikuwa na grafu nzuri sana inayoonyesha hamira imekua maradufu kwa nusu saa moja. Tuliishangilia mpaka tukagundua kwamba kilichokua ni picha.

Hatua ya 2: Pika chakula

Sukari peke yake haitoshi. Ukiipa hamira maji na sukari tu, itatoa gesi na povu utafurahi, lakini haitakua vya kutosha, kwa sababu inahitaji naitrojeni na madini ili kujenga mwili. Maji ya viazi yana vyote viwili, na maabara za fangasi duniani kote huvitumia viazi kwa kazi hiyo hiyo. Huku kwetu viazi si tatizo.

Menya gramu 200 za kiazi, katakata, chemsha katika nusu lita ya maji kwa dakika 30, chuja kwa kitambaa safi. Usiviponde viazi, ukiviponda utajaza maji punje za wanga, na kwenye hadubini punje ya wanga na seli ya hamira zinaweza kukuchanganya siku nzima. (Zikiingia bahati mbaya, tone la aidini huzigeuza wanga kuwa bluu nyeusi.) Kumbuka pia kwamba kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 au 95, si 100, kwa hiyo usipunguze muda wa kuchemsha.

Gawa mchujo hivi. Chupa ya kwanza: glasi moja ya mchujo na kijiko cha chai cha sukari. Chupa ya pili: sehemu moja ya mchujo, sehemu tisa za maji yaliyochemshwa, bila sukari. Ya pili ni chakula kilichozimuliwa, nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 3: Iamshe hamira, lakini si kwa maji ya bomba

Hamira ya chenga ni seli zilizokaushwa zikiwa na njaa. Karibu zote zimesimama katika hatua moja: hazina chipukizi, hazijaanza kunakili vinasaba vyao, zinasubiri chakula. Hilo ni bahati kubwa kwetu, maana watu wote wako kwenye mstari wa kuanzia.

Lakini ngozi ya seli iliyokauka haistahimili maji baridi. Ukiilowesha kwa maji ya bomba ya Juni, yale yanayouma vidole, seli huvuja vilivyomo ndani na nyingi hufa. Tumia maji ya nyuzi 35 hadi 40, kiasi cha kikombe cha kahawa, mwagia chenga kidogo juu, acha dakika kumi bila kukoroga, kisha koroga.

Kutoka hapo chukua kiasi kidogo sana uweke kwenye kila chupa, mpaka maji yawe na ukungu hafifu tu. Nasisitiza kidogo sana. Mtu aliyezoea kukanda mandazi atatia kijiko kizima, na baada ya saa moja seli zitakuwa zimekula kila kitu na kusongamana kama abiria wa Krismasi. Ukiangalia kwa lenzi ya 40 unataka seli kumi na tano hadi thelathini kwenye duara, si mia tatu.

Weka chupa ndani ya hotpoti yenye maji ya nyuzi 32, zifunike kwa kulegeza vifuniko, na ongeza maji moto kidogo kila joto likishuka chini ya 29. Mtu wa Dar es Salaam angeziacha mezani tu. Makete mwezi wa saba ukiziacha mezani utalala hapo.

Hatua ya 4: Chukua tone kila nusu saa

Tone la kwanza chukua mara tu baada ya kuchanganya. Hilo ni dakika 0. Kisha 30, 60, 90, na kuendelea mpaka saa nne zitimie. Kila mara tikisa chupa kwanza, maana seli huzama, na kutikisa huachanisha pia mama na mtoto ambao wamekwisha kutengana lakini bado wameshikana kwa ukuta.

Tone liwe dogo. Likiwa kubwa seli zitaogelea na kila picha itakuwa na ukungu. Funika kwa kioo, subiri dakika moja zitulie, piga picha tano katika sehemu tano tofauti bila kuchagua zile "nzuri". Hapo ndipo wanafunzi hudanganya bila kujua: jicho hupenda seli kubwa zenye vitoto.

Ukiwa na methilini bluu, tia kitone kwenye slaidi ya pembeni. Seli zilizokufa hubaki bluu, zilizo hai huiondoa rangi na kuonekana nyeupe. Usizipime zilizokufa. Hazingoji chochote.

Hatua ya 5: Hesabu, kisha pima, na upime pande mbili

Kwa kila muda, hesabu seli mia moja na uandike ngapi zina kitoto. Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Dakika 0 itakuwa ndogo mno, pengine chache tu kati ya mia. Itakaa hapo kwa muda, halafu itapanda ghafla. Huo muda wa kukaa chini ndio swali la bibi wa Kilolo.

Namba ya pili inahitaji subira. Pima seli ishirini zisizo na kitoto: urefu wake na upana wake. Usiandike urefu peke yake. Seli ya hamira ni kama yai, na ujazo wa yai hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana kwa upana tena, kisha kwa 0.52. Fanya hesabu hii ujionee: seli ya 5 kwa 4 ina ujazo wa maikromita za ujazo 42 hivi. Seli ya 6 kwa 5 ina 78. Kila upande umeongezeka maikromita moja tu, kitu ambacho kwenye picha karibu hukioni, na seli imekaribia kuwa mara mbili. Ndiyo maana mwanafunzi anayetazama kwa macho tu husema "hazikukua, zilianza tu kuzaa".

Namba ya tatu ndiyo ninayoipenda. Tafuta seli zenye kitoto kidogo sana, kile ambacho ni kama chunusi, kisichofika robo ya upana wa mama. Hizo zimepita langoni sasa hivi, yaani ndiyo kwanza zimeanza kuchipua. Pima mama peke yake, acha chunusi. Ukipata kumi na tano za namna hiyo, wastani wake ni ukubwa ambao seli iliamua kuanza. Ulinganishe na zile tupu za dakika 0. Utaona kwamba kati ya kuamka na kuzaa kulikuwa na kukua, na kwamba hakuna seli ndogo kabisa yenye chunusi.

Onyo kwa wanaosoma vitabu: usishangae namba zako zikiwa kubwa kuliko zilizoandikwa kwa hamira za maabara. Hamira ya dukani mara nyingi hubeba seti nyingi za kromosomu kuliko ile ya maabara, na kadiri seti zinavyoongezeka ndivyo seli inavyokuwa kubwa. Linganisha chupa yako na chupa yako.

Hatua ya 6: Chupa iliyozimuliwa

Rudia yote kwa chupa ya pili. Itachelewa, pengine sana, kwa hiyo ianze asubuhi. Ukifanikiwa kupata mama wenye chunusi wa kutosha, linganisha wastani wao na wa chupa ya kwanza. Kwenye chakula duni hamira huchipua ikiwa na mwili mdogo. Kwenye shibe hujizuia mpaka iwe kubwa zaidi. Yaani kipimo si namba iliyochongwa kwenye jiwe. Seli hukisogeza kulingana na hali ya maisha. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1970 na linaonekana katika hamira za aina mbalimbali.

Wanafunzi wangu waligawanyika hapa. Mmoja alisema ni kama watu, wa kijijini huoa mapema. Nikamwambia aache, na hasa aache kuandika hivyo kwenye mtihani.

Sasa, inajipimaje?

Kuna kipengele kinachojulikana kwa hakika: mwaka 1977 Leland Hartwell na Michael Unger walionyesha kwamba hamira ya mkate haigawanyiki sawasawa. Mtoto hutoka akiwa mdogo kuliko mama, na kabla ya kuchipua mara yake ya kwanza hukaa muda mrefu zaidi kuliko mama yake anavyokaa kabla ya kuchipua tena. Mama ameshafika, mtoto bado ana safari. Ukifuatilia slaidi moja kwa saa tatu (paka mafuta ya vaselini kuzunguka kioo ili isikauke) unaweza kuona mama akitoa chipukizi la pili wakati binti yake bado mtupu pembeni.

Njia ya kujipima iliyopendekezwa mwaka 2015 na maabara ya Jan Skotheim, Chuo Kikuu cha Stanford, sisi wa huku tunaielewa haraka kuliko wengi, kwa sababu tuna methali yake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Fikiria mbeta yenye ulanzi mkangafu, yaani uliokolea, kiasi kile kile, na mgema anaongeza maji kidogo kidogo. Ukali unashuka. Mtu mwenye ulimi mzuri anaweza kukuambia kiasi cha maji yaliyoongezwa kwa kuonja tu, bila kuangalia ndani ya mbeta.

Ndani ya hamira kuna protini iitwayo Whi5, na kazi yake ni kufunga lango la kuanza kugawanyika. Seli hutengeneza Whi5 hasa baada ya kupita lango, na kiasi kinachotengenezwa hakitegemei sana ukubwa wa seli. Mtoto anapozaliwa anakuwa na fungu lake. Kisha anakua bila kuongeza Whi5 ya maana, kwa hiyo mwili unaongezeka na Whi5 inazimuliwa. Protini nyingine, Cln3, inayosukuma lango lifunguke, haizimuliwi vivyo hivyo, maana inaendelea kutengenezwa kadiri mwili unavyokua. Kuna wakati mzuiaji anakuwa mwepesi mno kwa msukumaji, lango linafunguka. Mtoto aliyezaliwa mdogo ana Whi5 iliyokolea zaidi, kwa hiyo inambidi akue zaidi. Seli haikupima chochote kwa rula. Ilionja.

Ni maelezo mazuri mno, na labda ndiyo sababu wengine waliyatilia shaka. Maabara nyingine zilipima Whi5 upya na kupata kwamba ukolezi wake haushuki kiasi hicho, na kwamba huenda kinachobadilika zaidi ni Cln3. Mabishano hayo hayajaisha. Kwangu mimi hoja ya kuzimua inabaki na nguvu, lakini nisingeiandika kwa wino mzito kwenye ubao.

Ile nyingine iliyobeba jina letu

Kuna hamira ya pili ambayo wanasayansi wanaipenda kwa suala hili kuliko ile ya mkate, na jina lake la kisayansi ni *Schizosaccharomyces pombe*. Ndiyo, pombe. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliielezea kutokana na pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaipa neno la Kiswahili, na tangu hapo kila maabara inayoisoma, kuanzia Edinburgh hadi Tokyo, hutamka neno letu kila siku asubuhi wakiwa hawajanywa kitu.

Hii haichipui. Ina umbo la pingili ya mwanzi: upana wa maikromita 3 hadi 4, haunenepi, hurefuka kwenye ncha tu. Ikifika maikromita 14 hivi hujenga ukuta katikati, kama fundo la mwanzi, na kupasuka kuwa pingili mbili sawa. Kwa sababu upana haubadiliki, urefu peke yake unakuambia umri wake. Kwa mpimaji ni zawadi.

Paul Nurse, akiwa kijana Edinburgh katika maabara ya Murdoch Mitchison miaka ya 1970, alipata seli za aina hii zilizokuwa zikigawanyika zikiwa karibu nusu ya urefu wa kawaida. Waskoti husema *wee* kwa maana ya kidogo, na jeni iliyoharibika ikaitwa *wee1*. Ikawa breki: protini ya Wee1 huweka alama ya fosfeti juu ya protini nyingine, Cdc2, ambayo ndiyo injini ya kugawanyika, na injini hutulia. Protini ya tatu, Cdc25, huiondoa alama hiyo. Ukiivunja breki, seli inagawanyika kabla haijafika. Mwaka 1987 Nurse na Melanie Lee wakaonyesha kwamba binadamu naye ana Cdc2, na ile ya binadamu ikiwekwa ndani ya hamira hufanya kazi. Mwaka 2001 Nurse alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Hartwell na Tim Hunt.

Lakini nani anaiambia breki ilegee? Sehemu kubwa ya jibu ni protini ya Cdr2. Hukusanyika katika vinundu kwenye ngozi ya seli, sehemu ya katikati, na kadiri seli inavyokua ndivyo inavyozidi kujaa hapo na kumzuia Wee1. Ilidhaniwa mwaka 2009 kwamba protini nyingine, Pom1, inayokaa kwenye ncha, ndiyo rula: ncha zikienda mbali, katikati panabaki huru. Wazo tamu, ila seli zilizonyang'anywa Pom1 bado zilijua ukubwa wao. Kazi za 2014 na 2019 zikaonyesha kwamba Cdr2 hufuata eneo la ngozi, si urefu wala ujazo.

Watu walijuaje, ilhali vyote vitatu vinakua pamoja? Walitumia seli nene na nyembamba. Hesabu yake unaweza kuifanya kwenye daftari. Eneo la ngozi la pingili yenye ncha za mviringo ni 3.14 mara upana mara urefu. Pingili ya 4 kwa 14 ina eneo la 176. Chukua nene, yenye upana wa 5: itafikisha 176 ikiwa na urefu wa 11.2 tu. Ujazo wake wakati huo ni 187, wa ile ya kwanza ni 159. Kama seli ingekuwa inapima urefu, nene ingengoja hadi 14. Kama ingepima ujazo, ingepasuka ikiwa fupi zaidi ya 11.2. Hugawanyika karibu na pale ambapo eneo linafanana.

Nikieleza tofauti za namna ya kujipima darasani, huwapeleka stendi. Hiace ya Kilolo haiondoki mpaka ijae, hata ukilalamika: huyo anapima ukubwa. Basi la Dar es Salaam huondoka saa yake, lina watu au halina: huyo anapima muda. Na kuna konda ambaye kila safari anataka abiria kumi wapya, haijalishi alianza na wangapi: huyo anajumlisha. Pingili ya *pombe* ni Hiace. Aliyezaliwa mfupi hurefuka zaidi, aliyezaliwa mrefu hurefuka kidogo, wote wanapasuka karibu na urefu ule ule. Hamira ya mkate iko katikati ya Hiace na konda.

Hatua ya 7, kwa watu wazima: tone la ulanzi

Hii si ya wanafunzi, na chupa ya ulanzi isionekane kwenye meza ya maabara. Mimi nilihojiwa nusu saa ofisini kwa ajili ya mililita mia mbili. Usafirishe kwenye dumu lenye kifuniko kilicholegezwa. Safari yangu ya kwanza nilikaza kifuniko cha chupa ya plastiki kwa bidii yote, na kabla hatujafika mjini ilifyatuka ndani ya gari. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa na kitenge kipya.

Chukua mtogwa wa asubuhi, ambao haujakolea, na mkangafu wa jana yake. Tone la kila mmoja, bila kuzimua. Utaona seli za umbo la yai zenye vitoto, nyingi zaidi katika ule unaoendelea kuchacha. Utaona pia vijiti, na hapo tulia. Vijiti vingi kwenye pombe zetu za asili ni bakteria, wale wanaoleta uchachu, na upana wao haufiki maikromita moja au unaigusa tu. Tumia picha yako na pikseli zako. Kijiti cha pikseli 6 ni bakteria. Kijiti cha pikseli 22 hadi 27, chenye ncha za mviringo, ndicho cha kukufanya uvute kiti.

Ukivipata, tafuta vyenye mstari katikati, ule ukuta wa fundo. Pima urefu wa hivyo peke yake, kama kumi, kisha pima kumi visivyo na mstari. Visivyo na mstari vitatawanyika, vingine vifupi kama 7, vingine vinakaribia 14. Vyenye mstari vitakaribiana kama mianzi iliyokatwa na fundi mmoja. Hifadhi picha, andika tarehe na mahali ulipogemwa, kisha osha slaidi kwa maji ya sabuni na futa lenzi kwa karatasi yake, maana ulanzi ukikaukia kwenye kioo unanata na sisimizi watakuja.